Kifundo cha mkono kilichovunjika na upasuaji wa kuwekewa pleti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi na Arusha

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huyarudia tangu siku ya kuumia hadi miezi mingi baada ya upasuaji wa kuwekewa pleti, yaani bamba la chuma linaloshikilia mfupa kwa skrubu. Majibu yanamhusu mtu mzima, isipokuwa pale ilipotajwa vinginevyo. Daktari aliyeushika mkono wako na kuiona picha yako ana taarifa ambazo ukurasa huu hauna. Pale anapokuelekeza tofauti, mwulize sababu kisha umfuate yeye.

## Mambo ya msingi

1. Mfupa unaovunjika ni upi hasa?

Kati ya kisugudi na kiganja kuna mifupa miwili: rediasi, iliyo upande wa kidole gumba, na alna, iliyo upande wa kidole kidogo. Unaovunjika mara nyingi ni rediasi, karibu kabisa na kiungo, kwa sababu mtu anapoanguka hutanguliza kiganja, na mwisho huo wa rediasi ndio unaopokea sehemu kubwa ya uzito. Huku kwetu visa hivi hutokana na utelezi wa masika kwenye miteremko ya Kibosho na Machame, ajali za bodaboda, wapagazi wanaoteleza wakishuka njia ya Mweka, na wazee wanaojikwaa kizingitini usiku.

Aina iliyo ya kawaida zaidi ilielezwa na daktari wa Dublin, Abraham Colles, mwaka 1814, miaka zaidi ya 80 kabla ya eksirei kugunduliwa, na ndiyo maana jina “Colles” huonekana kwenye faili la mgonjwa mpaka leo. Katika aina hiyo kipande kilichovunjika husukumwa kuelekea mgongo wa kiganja. Kikisukumwa upande wa ndani wa kiganja, daktari ataandika “Smith”, na aina hii ni sumbufu zaidi, kwa kuwa haikai kwa urahisi mahali pake hata ikifungwa hogo (plasta).

2. Vidole vyangu vinacheza. Je, mkono unaweza kuwa umevunjika?

Ndiyo. Misuli inayoendesha vidole iko juu zaidi kwenye mkono wa chini, kwa hiyo vidole vinaweza kucheza hata kama rediasi imevunjika vipande vitatu. Kipimo cha “jaribu kukunja ngumi” kimewachelewesha wengi nyumbani. Dalili za kuzingatia ni uvimbe unaokuja haraka, maumivu makali ukibonyeza mfupa wenyewe, na umbo lililobadilika, hasa kifundo kikiinuka kwa nyuma kama uma uliolazwa kifudifudi mezani. Hata umbo lisipobadilika, eksirei ndiyo inayoamua, na picha inayofaa ni ya pande mbili: ya mbele na ya ubavuni. Picha ya upande mmoja inaweza kuficha mpindo wote.

Kabla ya kuondoka nyumbani, vua pete, bangili na saa. Baada ya saa moja pete inaweza isitoke tena bila kukatwa. Ulaze mkono juu ya ubao mwepesi au gazeti nene lililokunjwa, ufunge bila kukaza, uuning'inize kwa khanga shingoni, na usile chochote mpaka uonwe, kwa maana huenda ukahitaji dawa ya usingizi siku hiyohiyo.

3. Je, nianze kwa mkandaji au kwa fundi wa kuunga mifupa?

Hapana. Kuchuliwa kwa mafuta juu ya mfupa uliovunjika huongeza uvujaji wa damu na uvimbe, na kunaweza kusogeza vipande vilivyokuwa vimetulia. Kibaya zaidi ni kufungwa vijiti kwa kukazwa sana: mkono unaovimba ndani ya kifungo kisicholegea hukosa damu, na misuli inaweza kufa ndani ya saa chache. Najua kwamba kwa familia nyingi mkandaji ni jirani anayeheshimika na yuko karibu kuliko hospitali; lakini mfupa ulio karibu na kiungo unahitaji kipimo cha milimita, na mikono mitupu haiwezi kukitoa.

## Kuchagua tiba

4. Je, kila aliyevunjika hapa anahitaji pleti?

La. Mfupa ambao haukusogea, au uliosogea kisha ukarudishwa vizuri na kutulia, hutibiwa kwa plasta kwa wiki tano au sita. Maswali anayojiuliza daktari ni matatu kwa pamoja: mfupa umekaaje sasa, una uwezekano gani wa kuteleza tena, na mwenye mkono anaufanyia kazi gani (hili la tatu, tazama swali la 6).

Kuhusu la kwanza, uso wa rediasi wa mtu mzima huwa umeinama kidogo kuelekea kiganja, kwa wastani nyuzi 11. Madaktari wengi huanza kufikiria upasuaji pale ambapo, baada ya kuvutwa na kurudishwa, uso huo bado umegeukia nyuma zaidi ya nyuzi 10, au rediasi imefupika zaidi ya milimita 3, au ndani ya kiungo chenyewe kuna ngazi, yaani kipande kimoja kimekaa juu ya kingine, ya zaidi ya milimita 2. Ngazi hiyo ndiyo inayotia hofu zaidi, kwa sababu gegedu (tabaka laini linalofunika mifupa kwenye kiungo) linalosagwa juu yake kila siku linaweza kuishia katika ugonjwa wa baridi yabisi ya kiungo hicho. Mfupa uliotoboa ngozi, au ulioambatana na ganzi inayozidi ya vidole, huhitaji upasuaji wa haraka bila kujali vipimo hivi.

Kuhusu la pili, mfupa uliorudishwa vizuri leo unaweza kuteleza wiki ijayo ndani ya plasta ileile, uvimbe unapopungua na plasta kulegea. Ndiyo maana unaambiwa urudi kupiga eksirei baada ya wiki moja na tena baada ya wiki ya pili. Wanaoruka miadi hiyo kwa sababu mkono “hauumi tena” ndio hugundua mpindo wakati wa kukata plasta, na kwa wakati huo chaguo rahisi limeshapita (tazama swali la 7 na la 25).

5. Kwa nini pleti, na si nyaya au zile “antena” za nje?

Nyaya nyembamba hupitishwa kwenye ngozi bila kufungua mkono, hushikilia vipande, na hutolewa kliniki baada ya wiki nne hadi sita. Ni nafuu na hazihitaji kidonda kirefu, lakini mkono hubaki ndani ya plasta muda wote huo. Antena, yaani vyuma vya nje, hutumika zaidi pale ngozi ilipoharibika au mfupa uliposagika kiasi kwamba hakuna pa kushika skrubu.

Pleti inashinda pale vipande vilipo vingi, mpasuko ulipoingia ndani ya kiungo, au mfupa ulipo mlaini, kwa kuwa skrubu zake hujifunga kwenye bamba lenyewe na si kwenye mfupa pekee. Faida yake kubwa ni kwamba kifundo huanza kusogezwa mapema. Hata hivyo si sahihi kusema kwamba pleti daima ni bora kwa sababu ni ghali. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watu wazima 461 ambao mifupa yao iliweza kurudishwa bila kufunguliwa, haukuona tofauti ya maana baada ya mwaka mmoja kati ya waliowekewa pleti na waliowekewa nyaya. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulilinganisha nyaya na plasta iliyofinyangwa vizuri. Matokeo ya mwaka yalikaribiana, ingawa karibu mtu mmoja kati ya wanane wa kundi la plasta alilazimika kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki sita. Kwa hiyo daktari akikupendekezea nyaya, usidhani amekupunja.

6. Mama yetu ana miaka zaidi ya 70. Je, tumwache na plasta?

Mara nyingi, ndiyo, na uamuzi huo usichukuliwe kuwa ni kumtelekeza. Utafiti wa Austria wa mwaka 2011 uliwafuatilia watu wenye miaka 65 na kuendelea: baada ya miezi 12, mwendo wa kifundo na maumivu havikutofautiana sana kati ya waliowekewa pleti na waliofungwa plasta, ijapokuwa picha za waliowekewa pleti zilipendeza zaidi, kiganja chao kilikuwa na nguvu zaidi, na matatizo ya tiba yalikuwa mengi zaidi kwao.

Umri peke yake usiamue. Bibi anayekata majani ya ng'ombe kila asubuhi na kuishi peke yake ana mahitaji tofauti na yule anayehudumiwa kila kitu. Jiulizeni ninyi watoto kile mama anachokifanya kwa mikono yake, kisha mwulizeni mama mwenyewe, kwani majibu hayafanani mara zote. Jambo jingine ni kwamba mtu mzima wa umri huo aliyevunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama huenda mifupa yake imepungua uzito. Aulizie uchunguzi na tiba ya hilo, kwa sababu mfupa unaofuata kuvunjika unaweza kuwa wa nyonga.

## Kabla ya upasuaji

7. Upasuaji unaweza kusubiri kwa muda gani?

Mwongozo wa madaktari wa mifupa wa Uingereza unataka upasuaji ufanyike ndani ya saa 72 ikiwa mpasuko umeingia kwenye kiungo, na ndani ya siku 7 ikiwa haukuingia. Katika mazingira yetu wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa zaidi ya hapo, na bado hufanyiwa vizuri, kwa masharti kwamba wiki mbili au tatu hazijapita. Baada ya hapo mfupa mpya huanza kujaza nafasi, vipande havitengani kwa urahisi, na kazi ya saa moja huwa ya saa nyingi. Kuchelewa kwa siku chache kwa sababu ya uvimbe au malengelenge kwenye ngozi ni jambo la kawaida na la busara. Tumia siku hizo kuuinua mkono juu ya usawa wa moyo na kuchezesha vidole.

8. Niende wapi, na nibebe nini?

Anza katika kituo kilicho karibu chenye eksirei. Kwa Moshi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC ndizo zinazotajwa zaidi. Kwa Arusha, Mount Meru na hospitali ya ALMC. Kabla ya kusafiri kilomita 80 hivi kutoka mji mmoja kwenda mwingine, piga simu uulize mambo mawili: kama daktari bingwa wa mifupa yupo wiki hiyo, na kama pleti ya saizi ya kifundo cha mkono ipo. Pleti ya mguu haifai hapa.

Beba barua ya rufaa, picha zote za eksirei pamoja na zile za kwanza kabisa, orodha ya dawa unazotumia, na kadi ya bima. Ikiwa chanzo ni ajali ya barabarani au kupigwa, utatakiwa kuwa na fomu ya polisi ya PF3. Ndugu mmoja aende kituoni kuifuatilia wakati mgonjwa anahudumiwa. Aliyeumia akiwa kazini amjulishe mwajiri mapema kwa maandishi, ili madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi yasije yakakwama.

9. Gharama ni kiasi gani?

Hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na kiasi kikubwa hutokana na chuma chenyewe. Usiulize tu “upasuaji ni bei gani”. Uliza kama bei hiyo inajumuisha pleti na skrubu, dawa ya usingizi, kulala wodini, eksirei ya baada ya upasuaji, na mazoezi ya tiba. Mwenye bima aombe uthibitisho kwa maandishi kwamba pleti imo katika kifurushi chake, kwani bima inayolipia kitanda si lazima ilipie chuma.

10. Nijiandae vipi?

Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla, lakini fuata saa ulizopewa wodini. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aulize dozi ipi anywe asubuhi hiyo na ipi aiache. Taja kila kitu: dawa za kuzuia damu kuganda, mitishamba, mzio, na kama una selimundu, kwa sababu mkono hubanwa damu wakati wa upasuaji na daktari wa usingizi lazima ajue mapema. Acha sigara na ugoro; nikotini huchelewesha mfupa kuunga na kidonda kupona.

## Siku ya upasuaji

11. Ni nusukaputi au ganzi ya mkono tu?

Zote mbili zinawezekana. Ganzi huchomwa karibu na mishipa ya fahamu shingoni au kwapani, nayo huufanya mkono mzima ulale kwa saa kadhaa, jambo linalosaidia pia maumivu ya usiku wa kwanza. Wengine hulala kabisa. Ukipewa ganzi, usishtuke mkono ukiendelea kuwa mzito na usiokusikia hadi usiku; uning'inize ili usijigonge au kuungua bila kujua, na anza kumeza dawa za maumivu kabla ganzi haijaisha.

12. Ndani ya chumba cha upasuaji wanafanya nini hasa?

Swali hili huulizwa kwa aibu, nalo linastahili jibu kamili. Mkono huoshwa, mkanda wa hewa hujazwa juu ya kisugudi ili damu isizuie kuona, na dozi ya antibaiotiki hutolewa kabla ya ngozi kukatwa. Chale ya sentimita 6 hadi 8 hupita upande wa ndani wa mkono, juu ya ile kano unayoiona ikitokeza ukikunja kifundo. Kano husogezwa kando, mshipa mkubwa wa damu, ule ambao muuguzi huushika kuhesabu mapigo, huachwa upande wake ukilindwa, na msuli mwembamba uliolala juu ya mfupa hunyanyuliwa. Hapo ndipo mpasuko unapoonekana.

Daktari husafisha damu iliyoganda, huvuta mkono, na kurudisha vipande mahali pake. Hii ndiyo sehemu inayochukua akili kuliko zote. Pleti hulazwa juu ya mfupa na skrubu ya kwanza hupitishwa kwenye tundu refu, ili bamba liweze kusogezwa juu au chini kidogo kabla ya kukazwa. Eksirei ya hapo hapo hupigwa. Kisha skrubu za kujifunga huingizwa chini tu ya uso wa kiungo, moja baada ya nyingine, zikipimwa urefu kwa milimita: zikizidi, ncha zake zitatokea nyuma na kukwaruza kano zinazonyoosha vidole, zikiwa karibu mno na kiungo, zitaingia ndani yake. Pleti nayo haitakiwi kuvuka ukingo wa mbele wa mfupa, la sivyo kano za kukunja vidole zitasuguana nayo kwa miaka. Msuli hurudishwa, ngozi hushonwa, na banzi au nusu plasta hufungwa. Kwa mpasuko wa kawaida kazi nzima huchukua saa moja hadi saa moja na nusu.

Una haki ya kuonyeshwa picha ya mwisho. Omba nakala yake uiweke kwenye simu.

13. Chuma chenyewe ni cha aina gani?

Ni cha titani au cha pua kisichoshika kutu. Vyote hufanya kazi. Mwenye mzio wa nikeli, ambaye hutokwa vipele kwa hereni za bei rahisi au kifungo cha mkanda, aseme mapema, kwa sababu pua hiyo ina nikeli.

## Wiki za kwanza

14. Uvimbe na maumivu: kipi ni cha kawaida na kipi ni hatari?

Siku tatu hadi tano za kwanza mkono huvimba, vidole huwa vizito, na michubuko ya zambarau huweza kushuka hadi kiganjani. Maumivu hupungua siku hadi siku ukiuinua mkono na kunywa dawa kwa saa zake. Parasetamoli ndiyo msingi. Diklofenaki na jamaa zake zisitumiwe kiholela na mwenye vidonda vya tumbo au tatizo la figo.

Rudi hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona maumivu yanayozidi kupanda licha ya dawa, hasa unyooshewapo vidole, ganzi inayoongezeka ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, vidole vilivyopauka au kuwa baridi, homa, au usaha. Bendeji iliyokaza ilegezwe kwanza, na ndani ya dakika chache utajua kama ilikuwa ndiyo sababu.

15. Kidonda kinaoshwaje, na udhu je?

Kikae kikavu mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14. Wakati wa kuoga funga mfuko wa nailoni, ukazwe kwa mpira laini juu, na uuinue mkono. Mwislamu anaruhusiwa kupangusa juu ya bendeji badala ya kuiosha, na viungo vingine vikaoshwa kama kawaida. Ukitaka ufafanuzi, mwulize imamu wako. Usiweke asali, majivu wala dawa ya unga kwenye mshono.

16. Mazoezi yaanze lini na ni yapi?

Vidole huanza siku ileile ya upasuaji. Kama utakumbuka jambo moja tu katika ukurasa huu, naomba liwe hili. Wengi hutoka wodini wakiwa wameukumbatia mkono kifuani, vidole vimenyooka na kukakamaa, kwa kuogopa kwamba skrubu zitachomoka. Hazitachomoka kwa kukunja vidole. Kinachotokea usipovikunja ni kwamba uvimbe hugandamana kwenye kano, na baada ya wiki tatu una mfupa ulioungana vizuri kwenye mkono usioweza kushika kikombe.

Kila saa ukiwa macho, kunja ngumi kamili mpaka kucha ziguse kiganja, nyoosha kabisa, kisha gusisha kidole gumba na ncha ya kila kidole. Ukishindwa kufika, sukuma taratibu kwa mkono ule usioumia. Kunja na kunyoosha kisugudi na inua bega, kwa kuwa bega lililoning'inizwa nalo hukaza. Kwa ruhusa ya daktari, kwa kawaida baada ya wiki moja au mbili, banzi hutolewa mara kadhaa kwa siku ili kifundo chenyewe kianze kukunjwa, kunyooshwa na kugeuzwa. Kukigeuza kiganja kielekee juu, kama mtu anayepokea chenji, ndiko kunakochelewa kurudi. Fanya hivyo kisugudi kikiwa kimebana ubavuni, vinginevyo bega ndilo litakalogeuka. Kula kwa mkono huo ni zoezi zuri, na kufinyanga tonge la ugali kunafundisha vidole kuliko mpira wa kubonyeza.

Mtaalamu wa fiziotherapia akupime angalau mara chache. Maumivu ya kuvuta yanayoisha ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Mkono unaowaka moto, kung'aa, kutoka jasho na kuumia hata kwa kuguswa na nguo ni jambo jingine, na uonwe mapema.

17. Je, supu ya mifupa huharakisha kuunga?

Supu ya kongoro haina siri inayokwenda moja kwa moja kwenye mfupa uliovunjika, lakini haidhuru, na mgonjwa anayekula vizuri hupona vizuri. Mwili unahitaji protini na kalsiamu: maharage, mayai, maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani. Mtori wenye nyama ya kutosha ni chakula kizuri cha mgonjwa. Mtori wa ndizi tupu ni shibe tu. Pombe iepukwe, zaidi kwa sababu humwangusha mtu mara ya pili.

## Kurudi kazini

18. Lini nitaendesha, nitabeba, nitapanda mlima?

Simu, kijiko, kalamu na kuvaa nguo ni halali tangu wiki ya kwanza. Kupika kwepesi na kazi za ofisini hufuata baada ya wiki mbili hivi. Kukamua nguo nzito, kuinua ndoo ya lita 20, kulima na kusukuma toroli visubiri eksirei inayoonyesha mfupa kuunga, ambayo kwa wengi ni kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha uzito uongezwe polepole hadi wiki ya 12.

Dereva wa bodaboda ana tatizo la pekee: mkono wa kulia hukaza mafuta na breki ya mbele ukiwa umekunjwa kwa nyuma, mkao uleule unaoumiza. Asirudi barabarani kabla hajaweza kubana breki ya ghafla bila kusita, jambo ambalo kabla ya wiki sita ni nadra. Mpagazi asihesabu mzigo peke yake. Hata begani mzigo ukitulia, ni lazima aweze kujizuia akiteleza tena. Kwa safari za mlimani miezi mitatu ni matarajio ya haki, na anayeahidiwa nafasi mapema zaidi aanze na njia fupi bila mzigo.

19. Miezi miwili imepita na nguvu haijarudi. Je, upasuaji umeshindwa?

Si lazima. Mfupa huunga kabla ya nguvu kurudi, na nafuu huendelea hadi mwaka mmoja. Linganisha mkono wa leo na wa mwezi uliopita badala ya kuulinganisha na ule mzima. Kama hakuna badiliko lolote kwa wiki nne, rudi kliniki. Huenda mazoezi ndiyo yanayohitaji kurekebishwa, au picha ionyeshe jambo.

## Hali za pekee

20. Je, pleti itatolewa baadaye? Na baridi ya Juni je?

Kwa mtu mzima pleti huachwa maisha yote ikiwa haisumbui. Haiozi wala haisafiri mwilini. Baadhi ya watu huhisi kifundo kikikaza nyakati za baridi, na Arusha ya Juni na Julai huwakumbusha. Hilo peke yake si sababu ya upasuaji wa pili. Hutolewa pale inaposugua kano, skrubu inapoingia kwenye kiungo, au maambukizi yanapokataa kuisha.

21. Italia kwenye mashine za uwanja wa ndege? Naweza kupigwa picha ya MRI?

Huenda ikalia au isilie. Mweleze ofisa wa KIA na umwonyeshe kovu. MRI kwa kawaida hufanyika bila shida, hasa pleti ikiwa ya titani, ila mjulishe mtaalamu kabla hujaingia.

22. Kidole gumba kinakwaruza ndani, au kimeacha ghafla kunyooka au kukunjika.

Mkwaruzo unaosikika ukikunja kidole gumba ni onyo kwamba kano inasuguana na chuma. Ukiwahi, kutolewa kwa pleti huiokoa. Kikiacha ghafla kutii, kano huenda imekatika, nayo hutengenezwa kwa upasuaji mwingine. Kano inayonyoosha kidole gumba inaweza kukatika hata kwa mtu aliyefungwa plasta tu, kwa hiyo dalili hii isipuuzwe na yeyote.

23. Picha inaonyesha alna nayo imevunjika ncha. Mbona hawakuigusa?

Ncha ya alna huvunjika pamoja na rediasi mara nyingi sana, na rediasi ikinyooshwa, ncha hiyo huachwa. Daktari huchunguza uimara wa kiungo kati ya mifupa hiyo miwili akishamaliza pleti. Kikicheza kupita kiasi, ndipo huongeza hatua nyingine.

24. Je, haya yanamhusu mtoto, mjamzito, au mtu mwenye VVU?

Mtoto ana sehemu ya kukua karibu na kifundo, na mfupa wake hujinyoosha kadiri anavyokua. Plasta, au nyaya pale inapobidi, humtosha karibu kila mara. Mjamzito hupigwa eksirei ya mkono akiwa amekingwa tumbo, na ganzi ya mkono hupendelewa kuliko nusukaputi. VVU si kizuizi. Anayetumia dawa zake vizuri hufanyiwa kama mwingine yeyote.

25. Nilivunjika miezi mitatu iliyopita, mfupa umeunga ukiwa umepinda. Je, nimechelewa?

Kwa tiba ya kawaida, ndiyo. Kwa tiba yote, la. Kama mkono umepinda lakini unafanya kazi bila maumivu makubwa, unaweza kuachwa, na wazee wengi huishi nao hivyo kwa amani. Ukiwa unauma, haugeuki, au umepoteza nguvu ya kazi inayokulisha, daktari anaweza kuukata mfupa pale ulipounga vibaya, kuunyoosha, kujaza pengo kwa mfupa mdogo unaochukuliwa nyongani, na kuufunga kwa pleti ileile iliyoelezwa katika swali la 12. Upasuaji huo ni mrefu zaidi na matokeo yake hayafikii yale ya mwanzo, kwa hiyo nenda na picha zako zote, za kwanza na za sasa, na pia upigwe picha ya kifundo kizima cha upande wa pili, ambayo daktari ataitumia kupima kiasi cha kunyoosha.